Arudhi ya Duara la Nyangwine

Mimi kuitwa mjuaji sikatai. Nimeitwa hivyo tangu chuo cha ualimu, na aliyenipachika jina hilo ndiye aliyekuwa akinakili majibu yangu. Kwa hiyo nikikwambia arudhi naijua, usinikodolee macho. Naijua! Niamshe saa yoyote nikupangie mshororo wa mizani kumi na sita, nane huku na nane huku, vina vimesimama kama wanafunzi kwenye paredi. Ninachotaka kukueleza leo ni siku ambayo ujuzi huo ulimweka mtu mdomoni mwa kifo, na mtu mwenyewe ni Ryoba.

Ilikuwa mwaka tisini na mbili. Dhahabu ya Nyamongo ilikuwa imewapagawisha watu, jamani. Makarani waliacha ofisi, wachungaji waliacha ng'ombe, na mimi Athanas Olima, Mjaluo wa Shirati, mwalimu wa Kiswahili wa darasa la saba, niliweka chaki mezani mwezi wa pili nikaenda. Mke wangu Abonyo alicheka mpaka akakaa chini. "Mikono hiyo ya chaki," akasema, "itakwenda kuponda nini huko?"

Nilipokelewa kwenye duara la mzee Nyangwine. Duara, kwa asiyejua, ni shimo la kuchimbia dhahabu, na lake lilikwenda chini futi tisini. Nyangwine alikuwa Mkurya wa Gorong'a, mfupi, mkimya, masikio yamekufa nusu kwa miaka mingi ya kulipua baruti. Nilimwamkia, "Shikamoo mzee," akaniangalia viganja, akaguna, akanipeleka kwenye winchi. Winchi yetu ilikuwa gogo nene la mti lenye vishikio vya chuma pande zote mbili. Watu wanne tunazungusha, kamba inajiviringisha kwenye gogo, kilicho chini kinakuja juu.

Kazi ya baruti ilikwenda hivi, na nisikilize vizuri maana ndipo penye mambo. Ryoba, mlipuaji wetu, alishuka peke yake. Akapanga baruti kwenye matundu ya mwamba, akawasha utambi, akaingiza mguu kwenye kitanzi cha kamba na kuitikisa mara mbili. Hapo tunaanza kuzungusha. Saa hatukuwa nayo, tulikuwa na wimbo. Nyangwine aliukata utambi kwa kipimo cha kuungua muda wa beti saba za wimbo wa duara. Kila ubeti ulikuwa mizunguko minane ya winchi, na mizunguko arobaini ilimfikisha Ryoba mdomoni mwa shimo. Yaani beti tano mtu yuko nje, beti mbili zilizobaki ni zetu sote kukimbia na kulala nyuma ya rundo la mawe. Akichelewa, amekufa. Hakukuwa na hesabu nyingine pale.

Mwanzishaji wa wimbo alikuwa Teresia, mke wa Ryoba. Kwenye maduara mengine mwanamke hakuruhusiwa kusogea, watasema dhahabu itakimbia. Nyangwine alisema dhahabu haina masikio, ila Ryoba anayo, na sauti ya Teresia ndiyo peke yake inayofika chini bila kupotea njiani. Alikuwa anaponda mawe na wenzake hatua kumi kutoka shimoni. Kamba ikitikisika, aliweka nyundo chini, akashika kiuno, akaachia:

*Vuta mura, vuta!*
*Kamba nje!*
*Vuta mura, vuta!*
*Mtu aje!*

Mura ni kijana wa kiume kwa Kikurya. Beti zilizofuata zilichanganya lugha, moja ilimtania Nyangwine kwa ufupi wake, nyingine ilitaja wasichana wa Sirari, lakini mwendo wake wote ulikuwa huohuo.

Sasa mimi, mwalimu wa Kiswahili, nisimame pale kila siku nisikie hivyo? Nilihesabu kwa vidole siku ya kwanza. Sita, tatu, sita, nne! Lo! Nilihisi kama mtu anayekula ugali wenye mchanga. Kila nikizungusha lile gogo meno yalinisaga kwa hasira, na hasira zangu nyie mnazijua.

Mwezi wa nne ikaja habari kwamba Mei Mosi, pale Tarime mjini, vikundi vya kazi vitaimba mbele ya wakubwa wa wilaya. Nyangwine akasema na sisi twende, tuimbe wimbo wetu. Nikaruka kama niliyekalia kaa la moto. Twende kuimba kilema kile mbele ya watu waliosoma? Nikaomba siku mbili. Nikaandika shairi la beti saba. Saba makusudi, ili nisivuruge desturi yao. Mnaona nilivyokuwa mwangalifu!

Niliwasomea wakati wa chakula, wakiwa wamezunguka sinia la ugali wa muhogo na dagaa.

*Ewe dhahabu ya Mara, mwambani umejificha,*
*Twakutafuta kwa ghera, usiku hadi kukicha...*

"Ghera ni nini?" Nyangwine akauliza baada ya kurudiwa mara mbili.

"Ni hamu kubwa ya kazi, mzee."

"Mbona hukusema hamu?"

"Kwa sababu ya kina, mzee." Nikaona nafasi yangu imefika. Nikanawa mikono, nikasimama. Nikawaambia kwamba ushairi una sheria, na sheria hizo zinaitwa arudhi, na neno lenyewe limetoka kwa Waarabu. Wataalamu wanabishana lilikotoka hasa, lakini wengi husema arudhi ilikuwa ile nguzo ya katikati ya hema, inayolibeba hema zima jangwani. Ubeti nao umetoka kwenye neno lao la nyumba. Na vipande vidogo vya mapigo ya shairi walivipa majina ya vitu vya hema vilevile: kipande kimoja wakakiita kamba, kingine wakakiita kigingi. Wagiriki wa kale, hao walikuwa wachezaji ngoma, wao walipima shairi kwa mguu, jinsi unavyonyanyuka na kukanyaga, na Waingereza mpaka leo wanasema shairi lina miguu mitano au minne. Na mizani yetu ni ileile ya Kiarabu ya kupimia uzito. Niliongea vizuri siku ile, sijifichi. Mpaka inzi walitulia.

"Na nyie kwa Kikurya," nikamalizia, "kitu hiki mnakiitaje?"

Nyangwine akatafuna dagaa wake akamaliza. "Hatukiiti," akasema. "Tunavuta."

Watu wakacheka mpaka wengine wakapaliwa. Mimi nikanuna. Yule mzee akaona nimenuna, akanionea huruma, akainama kunisogelea. "Mwalimu, hiyo nguzo yako ya Waarabu nimeielewa. Na mimi naweka nguzo humo chini kuzuia mwamba usitulalie. Lakini nguzo naikata baada ya kupima shimo. Sijawahi kukata nguzo nzuri halafu nikatafuta shimo la kuitosha."

Niliitikia "Ndiyo mzee" kwa heshima, na moyoni nikasema huyu hakuelewa kitu. Kumbe!

Basi wakakubali shairi. Mnajua walikubali kwa nini? Kwa sababu mimi ni mwalimu. Watu wale walikuwa wanaheshimu kitabu kuliko hata walionisomesha mimi. Muda wa mazoezi hatukuwa nao, kwa hiyo tukafanyia mazoezi palepale kwenye winchi, tukivuta makarai ya mawe. Siku tatu. Nikawatungia na sauti, ya taratibu, ya kubembeleza, nusu mshororo kwa mzunguko mmoja. Mizani nane, mzunguko. Mizani nane, mzunguko. Teresia aliishika haraka sana, na ile sauti yake ikiwa ndani ya shairi lililopangwa sawasawa, we acha tu. Wachimbaji wa maduara ya jirani walisimama kusikiliza. Hata mikono haikuchoka sana, maana tulizunguka polepole. Na mawe yana haraka gani? Jiwe likifika juu saa nne au saa nne na robo, linalalamika kwa nani?

Siku ya nne ilikuwa ya baruti.

Ryoba alishuka asubuhi na mzigo wake. Yeye siku zile tatu alikuwa chini anatoboa mwamba, nyundo na patasi, kelele masikioni mwake. Kuhusu shairi alisikia tu kwamba lipo. Nyangwine, kama kawaida yake, alikuwa amekwenda nyuma ya rundo la mawe na sanduku la baruti iliyobaki. Sisi tukashika vishikio. Teresia akanigeukia.

"Mwalimu, leo ni mtu. Si tuimbe wa kwetu?"

Nataka mlisikie swali hilo vizuri, kwa sababu mimi nimelisikia kila wiki kwa miaka yote hii. Aliuliza kwa adabu. Alikuwa amesimama na nyundo mkononi, vumbi jeupe mpaka kwenye kope. Na mimi nikamjibu nini?

"Shemeji, ubeti ni ubeti. Wa kwenu saba, wangu saba. Kuna tofauti gani? Mei Mosi ni keshokutwa, tusipoteze nafasi."

Akaligeukia shimo. Halafu akasema, "Haya, wewe ndiye unayejua."

Kamba ikatikisika mara mbili.

Teresia akaanza. *Ewe dhahabu ya Mara.* Mzunguko. *Mwambani umejificha.* Mzunguko. Ilikuwa tamu, Mungu anisamehe. Niliimba nikiwa nimefumba macho. Niliwaza Tarime mjini, wakubwa wamekaa chini ya turubai, mtu anauliza ni nani aliyetunga hili.

Sasa huko nyuma ya rundo, Nyangwine alikuwa na tabia yake. Kwa kuwa masikio yake hayakumsaidia, alikuwa anaziba yote mawili kwa viganja na kuimba wimbo wa duara peke yake, kwa mwendo wake wa siku zote, midomo tu inacheza. Akimaliza ubeti wa tatu huchungulia winchi. Katikati ya kamba palifungwa kitambaa chekundu, na ubeti wa tatu ukiisha kitambaa lazima kiwe kimeshajiviringisha kwenye gogo. Siku ile alichungulia. Gogo halikuwa na kitambaa.

Nilimsikia kabla sijamwona. "Mnafanya nini? Mnafanya nini nyie?" Alikuja anakimbia, kofia imeanguka, mzee wa miaka sitini na tano anayekimbilia mahali ambapo watu wote hupakimbia. "Mko ubeti wa ngapi?"

"Wa pili," nikasema. "Tumefika nusu."

"Mimi nimemaliza wa tatu!"

Hesabu ilinijia yenyewe, bila kuitwa, kama vile mtu ameiandika ubaoni. Kwenye utambi zilibaki beti nne za zamani, mizunguko thelathini na miwili. Kwenye kamba ilibaki mizunguko ishirini na minane. Beti zangu zilikuwa saba kweli, lakini kila moja ilikuwa ndefu karibu mara mbili ya zao. Nilihesabu beti nikasahau kwamba ubeti una urefu. Mimi! Mwalimu wa arudhi!

Teresia hakungoja mtu amwambie. Alitupa nyundo, akaja mpaka ukingoni kabisa, akainama juu ya shimo na kupiga ukelele ambao haukuwa wimbo kwanza, ulikuwa jina la mumewe. Halafu:

*Vuta mura, vuta!*
*Kamba nje!*

Jamani. Lile gogo liliruka mikononi mwetu. Sita, tatu, sita, nne, na kila pale nilipokuwa nimeona pengo, kumbe pengo lile lilikuwa nafasi ya bega kushuka na pumzi kuingia. Nyangwine naye aliingiza mikono kati yetu akazungusha. Kitambaa chekundu kikapita. Nilikuwa nalia na kuimba kwa pamoja, kamasi mdomoni, na sikuona aibu. Nilitaka kitu kimoja tu duniani, kichwa cha Ryoba kitokee.

Kikatokea. Hakuwa tena kwenye kitanzi. Alikuwa anaikwea kamba mwenyewe kwa mikono, huku nayo ikipanda. Nyangwine alimshika shati, Teresia akamshika nywele, tukamburuta, tukakimbia, tukaanguka. Hatukufika nyuma ya rundo. Mlima ukanguruma chini ya matumbo yetu na mawe yakaanza kunyesha. Moja lilimpata Ryoba begani. Moja kubwa kama chungu lilitua kwenye winchi likavunja kishikio, kile nilichokuwa nimekishika mimi.

Vumbi lilipotulia, Ryoba alikaa. Aliomba maji. Viganja vyake vyote viwili vilikuwa vimechunika, kamba imekwenda na ngozi. Teresia alimnywesha mwenyewe, halafu akanigeukia mimi. Sauti yake haikuwa kubwa.

"Mwalimu, ungenizikia mume wangu kwenye daftari?"

Abonyo husema hata nikifa nitaongeza neno moja. Nilimwangalia Ryoba nikasema, "Ni mimi. Nimebadilisha wimbo mimi, na yeye aliniuliza, nikamkatalia. Nipige."

Wakurya siwajui kwa kusitasita. Nilifumba macho nikasubiri. Nilipofumbua, alikuwa ananiangalia tu, amechoka.

"Nilijua tangu mstari wa kwanza," akasema. "Kule chini sina kitu kingine, Mwalimu. Sioni jua, siwaoni nyie. Nawasikia tu. Nikasikia mmeanza kubembeleza mtoto. Nikapiga kelele, nikatikisa kamba, nikawatukana mama zenu wote. Mlikuwa mnaimba vizuri mno, hamkunisikia."

Hilo, bora angenipiga.

"Alhamisi ya wiki ijayo tunalipua tena," akaendelea. "Utashuka wewe."

Nyangwine akasema mwalimu hajui kuwasha. Ryoba akasema atanifundisha. Nyangwine akasema mwalimu ana watoto wanne. Ryoba akasema na yeye ana watatu. Basi yakaisha hivyo, na mimi sikubisha. Siku zile za katikati zilikuwa za kuzoa mawe na kutengeneza kishikio, na Ryoba kwa mikono yake iliyofungwa vitambaa alinikalisha akanifundisha utambi unavyoshikwa, unavyopulizwa, unavyoachwa. Alinifundisha kwa subira kuliko nilivyowahi kufundisha mtoto yeyote. Mei Mosi ilipita hatukwenda popote. Hakuna aliyeitaja.

Alhamisi nikashuka. Nawaambieni ukweli, sikuwahi kuogopa vile. Futi tisini si kitu ukiziandika. Kule chini anga ni kipande kidogo, kama sahani, na mwamba unanuka chuma, na unajisikia moyo wako mpaka kwenye fizi. Nilishika kiberiti. Njiti mbili zilivunjika. Ya tatu ikawaka, utambi ukaanza kufoka. Nikaingiza mguu kwenye kitanzi nikatikisa kamba mara mbili.

Kimya.

Kimya kile kilikuwa cha kuvuta pumzi tu, mtu mmoja kujaza kifua. Lakini mimi nilikuwa na muda wa kuwaza mengi ndani yake. Niliwaza kwamba Teresia yuko pale juu, anaweza kuimba analotaka, kwa mwendo anaotaka, na mimi siwezi kumlaumu hata kwa nusu neno. Nikasema kwa sauti, peke yangu, nikiwa na utambi unaowaka miguuni, "Shemeji, nakuomba."

*Vuta mura, vuta!*

Ilishuka kwenye shimo kama kitu cha kushikwa kwa mkono. Kamba ikanyanyuka, na mimi nikanyanyuka nayo. *Kamba nje!* Nikapanda. Niliimba kutoka kule chini, nilipiga makelele ya wimbo ule, nikiyabana maneno, nikiyavuta, na kila mstari ulionisogeza juu niliupenda kama mtu. Sikuhesabu silabi hata moja.

Ubeti wa tatu ndipo nilipotambua kwamba sauti za juu zilikuwa zimezidi. Nilizijua sauti za watu wa winchi wote. Kulikuwa na nyingine, nzito, yenye kukwaruza, inatangulia nyingine zote na kuwaharakisha. Mikono ya Ryoba isingeweza kushika chuma kwa wiki mbili, na nilidhani amebaki nyumbani. Alikuwa amelala kifudifudi ukingoni, kichwa ndani ya shimo, ananiimbia.